Je, Wajua? Begi Mgongoni, Kutoka Magogoni Hadi Magofu

Picha za Machu Picchu zimejaa kwenye simu: mlima mkali, ukungu, kuta za mawe, na kijana mwenye begi kubwa mgongoni akitazama mbali. Nami nazipenda. Lakini anayesimama Magogoni akisubiri pantoni, na begi lake alilolinunua Kariakoo baada ya kubishana bei robo saa nzima, yuko karibu na magofu ya kale kuliko anavyodhani. Shika nauli, twende.

Machu Picchu iko chini ya kibanda cha Mandara

Mji huo maarufu wa Wainka uko mita 2,430 juu ya usawa wa bahari. Kibanda cha Mandara, anapolala usiku wa kwanza mtu anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kiko mita 2,720. Yaani siku ya kwanza tu, hata kabla miguu haijaanza kulalamika, umeshaupita mji wa Wainka kwa karibu mita 300!

Njia ya Wainka wanayoitembea wageni kwa siku nne, kilomita 43 hivi, hupanda hadi mita 4,215 kwenye upenyo uitwao Warmiwañusca, halafu huteremka. Kibanda cha Kibo kiko mita 4,720, na ukifika hapo kilele cha Uhuru bado kiko juu yako kwa zaidi ya kilomita nzima. Tofauti ni kwamba mgeni wa Peru hushushwa na ndege Cusco, kwenye mita 3,400, kichwa kikaanza kumgonga kabla hajafungua zipu ya begi.

Kilwa iliitangulia Machu Picchu

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Machu Picchu ilifuata mwaka 1983. Baadaye Kilwa ilipata misukosuko: mwaka 2004 iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi na mvua vilikuwa vikizila kuta, ikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Soko la mabegi lilikuwa kambi ya wabeba mizigo

Unaponunua begi la mgongoni Kariakoo, unalinunua mahali palipolazwa watu waliobeba mizigo ya vita nzima. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko pale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, eneo likageuzwa kambi ya kikosi cha wapagazi. Nairobi nako kuna mtaa wenye historia hiyohiyo.

Hesabu za wapagazi hao zinatisha. Kwa upande wa Waingereza peke yao, walioandikishwa kubeba mizigo Afrika Mashariki walikaribia milioni moja, na waliokufa walizidi 90,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na kukosa chakula, si kwa risasi. Magari yalikwama kwenye matope, farasi na nyumbu waliuawa na ndorobo, kwa hiyo kila risasi na kila kipande cha mkate kilifika mstari wa mbele juu ya kichwa cha mtu. Sanamu ya Askari pale mjini, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja na wapagazi kwenye maandishi yake. Daladala hupita kando yake mchana kutwa. Ni wangapi waliowahi kushuka wakasoma?

Mnyamwezi alimshinda lama

Wainka hawakuwa na farasi, wala ng'ombe, wala gurudumu la kukokota mzigo. Mnyama wao wa kazi alikuwa lama, ambaye hubeba kilo 25 hadi 30 na akizidishiwa hulala chini akagoma. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, wengi wao Wanyamwezi, walibeba frasila mbili, karibu kilo 32, kutoka bara hadi Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa anayeanzia Ujiji. Leo sheria ya Kilimanjaro inamwekea mpagazi mwisho wa kilo 20 za mzigo wa mgeni. Wewe mwenye begi la kilo 12 unayesimama kila mita 100 kunywa maji, heshimu wakubwa zako.

Chipsi mayai ni chakula cha Andes, ukiacha mayai

Kiazi mviringo kilianza kulimwa kwenye milima ya Andes, pande za kusini mwa Peru na Ziwa Titicaca, maelfu ya miaka kabla Wainka hawajajulikana. Nyanya ya kachumbari asili yake ni upande huohuo wa magharibi wa Amerika ya Kusini, pilipili nayo ni ya Amerika. Karanga na mihogo ya kukaanga? Amerika ya Kusini tena. Kuku na kitunguu ndio waliotoka Asia. Kwa hiyo meza ya muuza chipsi wa Mtaa wa Msimbazi ina Andes nyingi kuliko mikahawa mingi ya kitalii.

Mjini Lima kuna Kituo cha Kimataifa cha Viazi, na Andes peke yake ina aina za asili zaidi ya 4,000: vya zambarau, vyeusi, vyekundu, vilivyopinda kama kidole. Wainka walikuwa pia na ujanja wa kuvihifadhi. Waliviacha viazi nje vigande kwa baridi ya usiku, asubuhi wakavikanyaga kwa miguu kuvikamua maji, wakavianika juani, wakarudia siku kadhaa. Kikavu hicho, chuño, kilikaa ghalani miaka. Mtu wa Lindi au Mtwara aliyekulia makopa hahitaji kuelezwa zaidi.

Tanzania ina matuta ya mawe ya enzi za Wainka

Hapa ndipo ninapowashangaa wanaofuata ngazi za kilimo Peru bila kupita Monduli. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, si mbali na mlima Ol Doinyo Lengai unaotoa moshi hadi leo, kuna magofu ya Engaruka: mashamba yaliyopangwa kwa mawe, mifereji, na vijiji saba vilivyojengwa kwenye mteremko juu ya mashamba. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 20. Watu waliishi na kulima pale kuanzia karne ya 15 hivi, karne ileile Wainka walipokuwa wakiijenga Machu Picchu, hadi karne ya 18 walipoondoka.

Hakuna saruji, hakuna udongo wa kugandisha; ni jiwe juu ya jiwe. Mito iliyoshuka kutoka kwenye ukuta wa bonde ilikingwa na kugawanywa kwa mifereji hadi kwenye kila kitalu. Wataalamu waliochimba wameona jambo la akili zaidi: baadhi ya kuta zilikuwa mitego ya udongo. Maji ya mafuriko yalikuja na tope, tope likatua nyuma ya ukuta, mwaka baada ya mwaka, mpaka shamba likazaliwa mahali palipokuwa na changarawe. Mtama ulioungua umepatikana humo, kwa hiyo hata ugali wao tunaujua.

Louis Leakey alifika mwaka 1935 na kukadiria wakazi 30,000 au zaidi. Waliomfuata wakaona amekuwa mkarimu mno, wakapunguza. Na walikuwa akina nani? Wengine huwahusisha na Wairaqw, wengine na Wasonjo, ambao hadi leo ni mabingwa wa kugawana maji ya mifereji. Ukienda, pitia Mto wa Mbu, na usiende mchana wa jua kali: kule kivuli ni bidhaa adimu.

Mifereji ya kale ambayo bado ina maji

Mifereji mingi ya Wainka ni ya kupigwa picha. Mifongo ya Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, iliyochimbwa na mababu karne nyingi zilizopita, bado inamwagilia migomba. Ratiba ya nani afungulie maji saa ngapi ina wazee wake, na atakayeiba zamu atajuta.

Kuta za mita nne, bila tone la chokaa

Sifa ya Wainka ni kupanga mawe bila kitu cha kuyashika. Huko Migori, magharibi mwa Kenya, kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe la karne ya 16 ambalo kuta zake zinafikia mita nne na zimesimama kwa mpangilio peke yake. Liliingia Urithi wa Dunia mwaka 2018. Gede, karibu na Malindi, ilifuata mwaka 2024. Hii nyingine ni ya chokaa na matumbawe, ndani ya msitu, na nyumba zake zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa humo: kuna Nyumba ya Mkasi, na kuna Nyumba ya Sarafu ya Kichina.

Msafiri mkongwe kuliko wote analala Mtaa wa Shaaban Robert

Kutoka Magogoni unatembea dakika chache tu. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yana fuvu la Zinjanthropus, lililoonwa na Mary Leakey bonde la Olduvai mwezi Julai 1959. Umri wake ni takriban miaka milioni 1.75. Wainka wako hai sana wakilinganishwa naye. Humohumo kuna vitu vilivyochimbwa Kilwa, kwa hiyo asiye na nauli ya kusini aanzie hapo.

Bakuli za China ziko Kunduchi, kwenye makaburi

Nyuma ya hoteli za ufukweni, mahali ambapo watu wa mjini huenda kuogelea Jumapili, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 15 au 16 na makaburi yenye nguzo. Wenyeji wa zamani waliyapamba makaburi ya wakubwa wao kwa bakuli na sahani za kaure kutoka China, wakizipachika kwenye chokaa ikiwa mbichi. Nyingi zimeng'olewa na vidole vya watu, lakini mashimo ya duara yaliyobaki yanaonyesha wazi zilipokuwa. Ni safari ya daladala. Hata begi halihitajiki.

Kisiwa kilinunuliwa kwa nguo

Habari za kale za Kilwa zinasimulia kuwa mkuu wa kwanza kutoka Shirazi, huko Uajemi, alikikuta kisiwa kina mwenyewe, wakapatana bei: nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Nguo zikaletwa, zikatandazwa pwani, mwenye kisiwa akazikusanya akahamia bara. Ni hadithi, ndiyo. Lakini wauza vitenge wa Kariakoo wataikubali mara moja. Wao wanajua jora moja lina thamani gani likimkuta mnunuzi anayelihitaji.

Na wanasayansi wameichokonoa kwa njia yao. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa kwenye miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili ni ya Kiafrika, hasa kupitia kina mama, na upande wa kina baba unaelekea Uajemi, mchanganyiko ulioanza kama miaka 1,000 iliyopita. Wazee wa Kilwa hawakuwa wakitunga kila kitu.

Mkoko ndio uliopanga upana wa chumba

Ingia nyumba yoyote ya kale ya mawe, iwe Kilwa, Lamu au Unguja, upime chumba. Urefu ni wowote anaoutaka mwenye nyumba. Upana hauzidi sana mita 2.5. Sababu iko juu ya kichwa chako: dari ilibebwa na boriti za mkoko, na boriti nzuri haiwi ndefu kuliko hapo. Ndiyo maana nyumba za matajiri zilikuwa na vyumba vingi vyembamba vilivyofuatana, kimoja nyuma ya kingine, cha ndani kabisa kikiwa cha siri zaidi. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, ulipopanuliwa mafundi waliikwepa boriti kabisa wakajenga kuba.

Jiwe nalo lina mchezo wake. Tumbawe likitolewa baharini likiwa hai ni laini, unalichonga nakshi za mihrabu kwa patasi bila jasho. Likikauka linakuwa gumu la karne kadhaa. Fundi alikuwa akishindana na saa.

Sultani alivua nguo zake akampa fakiri

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani Al-Hasan bin Sulaiman. Anaeleza kuwa siku moja baada ya swala ya Ijumaa fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani, akaziomba nguo alizokuwa amezivaa mwilini. Sultani akaahidi. Akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha, akamwita fakiri: chukua. Watu walipoona hayo wakamsifu mno, na mwanawe akazirudisha nguo kwa kumpa yule mtu watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu huo ulikuwa na watu ndani yake waliogawiwa kama bidhaa, na msafiri wetu anausimulia bila kukunja uso.

Sultani huyohuyo ndiye mwenye Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali linalotazama bahari, lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Karne ya 14! Bwawa lipo hadi leo. Maji ndiyo hayapo. Ukisimama ukingoni mwake utaelewa kwa nini alichagua pale: upepo wa bahari unapiga moja kwa moja.

Kwa wanaouliza usafiri: mabasi ya kusini hupatikana Mbagala Rangi Tatu, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970, unakata kushoto Nangurukuru hadi Kilwa Masoko. Ni kilomita 300 na ushee. Kutoka hapo kisiwa unakiona kwa macho, ni kuvuka kwa mashua tu. Songo Mnara iko mbele zaidi, na maji yakiwa yametoka utashuka utembee ndani ya tope la mikoko, viatu mkononi. Nyumba zake za mawe ni za karne ya 14 na 15, zimesimama vizuri kuliko za Kisiwani kwa maoni yangu, na mara nyingi utakuwa nazo peke yako.

Dhahabu ya Kilwa iko Lisbon, na imeandikwa jina

Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, dhahabu iliyokuwa imepita bandari ya Sofala ikitoka nyanda za Zimbabwe. Mfalme Manuel wa Ureno akaifanya chombo cha ibada cha kanisani, kikakamilika mwaka 1506, na maandishi kwenye kitako chake yanakiri kuwa ni dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kiko kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa mjini Lisbon. Kabla hakijamalizika, Julai 1505, meli za Mreno Francisco de Almeida zilikuwa zimeshaupora mji wenyewe.

Miaka 27 baadaye Wahispania walimkamata mfalme wa Wainka, Atahualpa, kule Cajamarca. Akajikomboa kwa chumba kilichojazwa dhahabu, wakamuua hata hivyo mwaka 1533, na vyombo vile vikayeyushwa kuwa vipande. Cha Kilwa angalau unaweza kwenda kukitazama, ukiwa na viza.

Chenji ya Kilwa iliokotwa Australia

Kilwa ilifua sarafu zake za shaba, na sarafu hizo zilikuwa na vina: sentensi ya upande mmoja ilimalizikia kwenye sauti ileile ya jina la sultani upande wa pili. Moja yenye jina la Al-Hasan bin Sulaiman imechimbuliwa Zimbabwe Kuu, kwenye zile kuta za mawe barani kabisa. Sawa, hiyo ni njia ya dhahabu.

Lakini mwaka 1944 askari wa jeshi la anga la Australia, aliyepangiwa kituo cha rada kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, alikuwa ufukweni akivua samaki akaona sarafu mchangani. Tisa. Akazitia kwenye mkebe, zikakaa humo hadi mwaka 1979 alipozipeleka zikatazamwe. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa! Wengine wanasema zilisafirishwa na Wareno, wengine wanasema mabaharia wa Bahari ya Hindi, wengine meli iliyozama. Mimi kila nikisikia mabishano hayo nakumbuka tu kwamba kutoka Kilwa hadi visiwa vya Wessel ni bahari moja, na pepo za msimu hazijawahi kudai pasipoti.